Jina la Diski Liulizwe kwa Diski Yenyewe

Katika ofisi moja niliyopata kuitumikia, nilishuhudia hesabu za miezi mingi zikifutika kwa amri moja tu, kwa kuwa fundi aliyekabidhiwa kazi ya kufomati diski mpya aliandika /dev/sdb kama alivyozoea, asijue ya kwamba tangu mashine ilipozimwa usiku na kuwashwa alfajiri, diski hiyo na ile yenye hesabu zilikwisha kubadilishana zamu. Tangu siku ile nimeshikilia rai moja: diski isiitwe kwa nafasi yake katika foleni, bali kwa jina lake, na jina hilo liulizwe kwa diski yenyewe.

Herufi zile, sda na sdb, Linux huzigawa kwa kadiri diski zinavyojitokeza mashine inapoamka. Ni namba ya foleni ya hospitali, si jina la mgonjwa. Jina hasa, yaani lebo, limo ndani. Katika mpangilio wa ext4, ukihesabu baiti 1024 tangu mwanzo wa sehemu ya diski utafika kwenye daftari lake kuu la taarifa, na ukisogea baiti 120 zaidi utakuta nafasi ya baiti 16, na humo ndimo neno kama HESABU lilimoandikwa herufi kwa herufi, wala halifutiki hata diski ikichomolewa Tanga ikaenda kuchomekwa Mombasa.

Lakini si zana zote ziendazo kulisoma hapo. Aghalabu lsblk hujibu kwa yale yaliyokwisha kusajiliwa na udev, huduma ya Linux inayosajili vifaa vya mashine. Na blkid, ikiendeshwa na mtu asiye na idhini ya msimamizi, hutegemea kumbukumbu ya zamani ambayo huenda imekwisha kupitwa. Msimamizi akiongeza alama ya -p, ndipo diski yenyewe inaposomwa upya. Katika mpangilio wa FAT, ambao hauruhusu jina kupita herufi 11, taabu huzidi, kwani jina huwekwa mahali pawili, na programu nyingine hurekebisha mahali pamoja zikaacha pengine. Ndiyo maana flashi ileile huweza kuonyesha jina hili kwenye mashine moja na jina lile kwenye nyingine.

Fauka ya hayo, majedwali ya GPT, yanayoorodhesha sehemu za diski, huipa kila sehemu jina lake, lisilozidi herufi 36, na jina hili watu hulichanganya na lebo. Hilo ni jina la chumba, na lebo ni jina la mpangaji: ukifomati, mpangaji huondoka, ilhali jina la mlangoni hubaki.

Wapo wanaoniambia kuwa lebo zaweza kufanana, na wanasema kweli. Kwa hiyo ndani ya /etc/fstab, faili inayoorodhesha diski za kuunganishwa, napendelea UUID, yaani kitambulisho cha pekee cha diski, ilhali ile lebo ni ya macho ya binadamu. Na diski iliyonakiliwa nzima hubeba hata UUID ya mwenzake, basi nakala na ipewe vitambulisho vipya kabla ya zote mbili kuchomekwa pamoja.

Yule fundi bado yupo kazini. Kabla ya amri yoyote ya kufuta, huendesha blkid -p, akalisoma jina kwa sauti, na mwenzake aliyeshika karatasi upande wa pili wa meza akaitikia.