Mzigo wa matarajio: Nyota wa Kakuma hulipa deni la nani?

USIKU wa Juni 13, 2022, nchini Qatar, winga Awer Mabil aliuendea mpira ili kupiga penalti ya sita ya Australia dhidi ya Peru. Dakika 120 zilikuwa zimekwisha pasipo bao. Mwenzake mmoja alikuwa amekwisha kupoteza mkwaju, na tiketi ya Kombe la Dunia ilikuwa ikining'inia. Mabil alifunga. Punde si punde kipa Andrew Redmayne, aliyeingizwa mahsusi kwa ajili ya mikwaju hiyo, alipangua mpira wa Alex Valera, na Australia ikafuzu kwa penalti 5-4.

Baada ya mechi, Mabil alieleza kwamba alijua angefunga, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kuishukuru Australia kwa niaba ya familia yake, iliyopokewa huko kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana.

Kauli hiyo iliwapendeza wengi, na haikosi heshima yake. Hata hivyo, yafaa ipimwe kwa utulivu. Mchezaji wa kawaida hupiga penalti ili timu yake ishinde. Huyu alipiga ili alipe deni. Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi watazamaji huuona mwepesi kwa sababu hauko begani mwetu.

Mabil alizaliwa Kakuma mnamo Septemba 15, 1995, miaka mitatu baada ya kambi hiyo kufunguliwa. Wazazi wake walikuwa wamevikimbia vita vya kusini mwa Sudan. Mnamo 2006 familia yake ilihamishiwa Adelaide, Australia. Alipofikisha umri wa miaka 17, alikuwa tayari akiichezea Adelaide United katika ligi kuu. Mwaka 2014 klabu hiyo ilitwaa Kombe la FFA, na mwaka uliofuata FC Midtjylland ya Denmark ikamsajili. Kuanzia hapo, jina lake halikutajwa tena pasipo neno "Kakuma" kando yake, na kila hatua aliyopiga ikawa kielelezo cha jambo kubwa kuliko soka.

Lakini soka haina huruma na hadithi nzuri. Midtjylland haikuwa na nafasi yake kikosini. Ilimpeleka kwa mkopo Esbjerg, timu ambayo mwaka 2017 ilishushwa daraja. Ikampeleka tena Paços de Ferreira ya Ureno, ambayo nayo ilishuka mwaka 2018. Winga katika timu inayozama huwa na kibarua kigumu: mipira humfikia kwa nadra, hulazimika kukaba kuliko kushambulia, na kila kosa lake huhesabiwa mara mbili. Wapo waliodhani kwamba nyota ya kijana huyo ilikuwa imezimika kabla haijang'aa.

Haikuzimika. Oktoba 2018 alivaa jezi ya timu ya taifa ya Australia kwa mara ya kwanza na kufunga bao dhidi ya Kuwait. Katika Kombe la Asia la 2019 alifunga dhidi ya Palestina na Syria. Punde baada ya Australia kubanduliwa kwenye robo fainali, dada yake aliaga dunia katika ajali ya barabarani. Alirejea uwanjani akiwa na majonzi hayo, akatwaa ubingwa wa Denmark msimu wa 2019-20, kisha akashiriki Ligi ya Mabingwa katika kundi lililokuwa na Liverpool, Ajax na Atalanta.

Baada ya penalti ya Qatar, Cádiz ya Uhispania ilimsajili. Huko pia hakupata nafasi ya kudumu. Katika fainali za Kombe la Dunia, alizozipigania kwa mguu wake mwenyewe, alikuwa mchezaji wa akiba. Mapema mwaka 2023 mambo mawili yalimfikia kwa karibu wakati mmoja: Australia ilimtunuku tuzo ya kijana bora wa taifa, na klabu yake ikamwachilia kwa mkopo kwenda Sparta Prague, ambako alishinda ligi ya Czech. Baadaye akaenda Grasshoppers ya Uswisi, kisha Castellón katika daraja la pili Uhispania.

Je, huyu alifaulu au alianguka? Ukimpima kwa mizani ya wanasoka, winga aliyecheza katika nchi saba na kutwaa ubingwa katika mbili kati yake ana kazi ya kujivunia. Ukimpima kwa mizani ya matarajio yaliyorundikwa juu yake, utasema hakufika. Tatizo limo katika mizani, wala si katika mtu. Aliyetegemewa kuthibitisha kwamba wakimbizi wana thamani hawezi kutosheka na mabao kumi kwa msimu, kwa maana hakuna idadi ya mabao inayothibitisha jambo hilo.

Hapa ndipo historia ya Turkana inapotupa funzo. Mnamo 1988, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Virginia, Paul Ereng, Mturkana aliyezaliwa Kitale na kusoma Starehe, aliingia fainali ya mita 800 katika Olimpiki za Seoul. Mwanzoni mwa mwaka huo alikuwa bado mkimbiaji wa mita 400. Aliwapita Joaquim Cruz wa Brazil, aliyekuwa bingwa mtetezi, na Said Aouita wa Morocco, akatwaa dhahabu kwa dakika 1:43.45. Alikuwa na umri wa miaka 21.

Mwaka 1989 alitwaa ubingwa wa dunia wa mashindano ya ukumbini kwa rekodi mpya, na akautwaa tena 1991. Lakini katika viwanja vya wazi, utukufu wa Seoul haukurudi. Katika Olimpiki za Barcelona mwaka 1992, bingwa mtetezi hakufika fainali.

Msomaji angetazamia kilio cha taifa zima. Hakikuwapo. Siku ya fainali, William Tanui alishinda dhahabu na Nixon Kiprotich akashinda fedha, wote Wakenya. Baadaye wakaja Wilfred Bungei mwaka 2008, David Rudisha 2012 na 2016, Emmanuel Korir katika michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, na Emmanuel Wanyonyi jijini Paris 2024. Ereng aliruhusiwa kushindwa kwa sababu hakuwa peke yake. Mzigo aliouweka chini uliokotwa na mwenzake papo hapo.

Na kwa kuwa aliruhusiwa kushindwa, aliruhusiwa pia kuendelea kuishi ndani ya mchezo wake. Mnamo 2003 alijiunga na Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso kama mkufunzi. Miongoni mwa vijana aliowanoa huko ni huyo huyo Korir, aliyeirudisha nyumbani dhahabu ya mita 800. Tungalimhukumu Ereng kwa matokeo ya Barcelona, tungalipoteza mwalimu.

Tofauti kati ya Ereng na Mabil, basi, si kipaji wala bidii. Mmoja alikimbia katika mbio zenye msururu wa Wakenya nyuma yake. Mwingine alicheza akiwa miongoni mwa wachache mno waliotoka kambini wakafika huko. Matarajio ni mzigo ambao uzito wake hugawanywa kwa idadi ya wabebaji. Wakiwa hamsini, kila mmoja hubeba kibaba. Akiwa mmoja, hubeba gunia zima. Kidole kimoja hakivunji chawa, nasi tumezoea kukitaka kidole hicho kimoja kivunje mwamba.

Jambo hili halijaisha. Nestory Irankunda, aliyezaliwa Kigoma, Tanzania, mnamo Februari 2006 kwa wazazi wakimbizi kutoka Burundi, alilelewa Adelaide na kupitia klabu ile ile ya Mabil. Kabla hajatimiza miaka 18, ilitangazwa kwamba angejiunga na Bayern Munich. Alipowasili mwaka 2024 alichezea kikosi cha pili, mapema 2025 akapelekwa kwa mkopo Grasshoppers, na katikati ya mwaka huo akahamia Watford ya Uingereza. Walionena kwamba ameanguka walikuwa wakimzungumzia tineja wa miaka 19.

Turkana yenyewe inaelewa vyema maana ya kupandishwa matumaini. Machi 2012 ilitangazwa kwamba mafuta yamepatikana Ngamia 1, karibu na Lokichar. Septemba 2013 ukafuata mbiu wa hazina kubwa ya maji chini ya ardhi ya Lotikipi. Baadaye maji hayo yalibainika kuwa na chumvi nyingi mno, na mafuta hayakuleta neema kwa kasi iliyoahidiwa. Hakuna mwenye akili timamu aliyeilaumu ardhi. Waliolaumiwa ni waliotangaza mavuno kabla ya kupanda. Mbona basi kijana asipotimiza tangazo ambalo hakulitoa yeye, lawama humwangukia yeye?

Dawa yake si kuacha kutumaini. Jamii isiyotarajia lolote kutoka kwa vijana wake imekwisha kuwatupa. Dawa ni kupanua njia. Tazama kwamba Ereng alichanua kupitia shule ya Nairobi na ufadhili wa Marekani, na Mabil alichanua baada ya kuhamishiwa bara jingine. Wote wawili walipaswa kung'olewa kwanza ndipo wamee. Kijana mwenye kipaji aliyeko Lorugum, makao makuu ya Loima, huanza kwa kuifikia Lodwar iliyo mashariki yake. Wa Kakuma huanza na safari ya kama kilomita 120 kufika mji huo huo. Kutoka hapo kuna safari nyingine ndefu ya kupanda hadi Kitale, na bado hajafika Nairobi. Wengi huchoka njiani, na asiyechoka hugeuzwa ishara.

Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 926,976 katika Kaunti ya Turkana. Umati huo haukosi wakimbiaji wala wachezaji. Kinachokosekana ni ngazi yenye vipandio vya karibu karibu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeikabidhi serikali ya kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake, kwa hiyo swali hili lina mwenyewe. Ligi ya vijana inayochezwa mwaka mzima kati ya Lodwar, Lorugum, Lokichar na Kakuma, ikiwachanganya wenyeji na wakimbizi, ingegharimu kidogo kuliko sherehe za kumpokea shujaa mmoja. Wakufunzi waliosomea kazi yao, marefa wanaolipwa kwa wakati, na maji ya kunywa pembeni mwa uwanja katika joto lile, hivyo ndivyo vipandio vyenyewe.

Mabil alilielewa hili mapema kuliko wengi wetu. Pamoja na nduguye alianzisha shirika la Barefoot to Boots, ambalo limepeleka viatu na vifaa vya soka Kakuma. Hata hivyo, haifai kumwachia mchezaji wa ng'ambo kazi ya kaunti na ya taifa.

Vyombo vya habari navyo vina sehemu yao. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mgema wa leo husifiwa kabla hajapanda mnazi, kisha husutwa kwa kutoteremka na kibuyu. Kinda akifunga mabao matatu, tuandike kwamba amefunga mabao matatu. Akikaa benchi miezi sita, tuandike kwamba yuko benchi, na tueleze kwa nini. Neno "mwokozi" lina mahali pake, na uwanja wa mpira si mahali hapo.

Siku ambayo vijana 20 wa Turkana watakuwa wakisaka riziki katika ligi na riadha za kimataifa, mmoja wao atakosa penalti, mwingine atatolewa kwenye mchujo, na hakuna atakayeuliza iwapo jamii yake ina thamani. Watakuwa wanamichezo tu. Hiyo ndiyo heshima ambayo Mabil hakupata, na ambayo kizazi kinachocheza pekupeku leo kinastahili kupewa.