Inzi wa Matunda na Lawama kwa Mama

Apitaye sokoni Musoma au Bunda wakati ndizi zimeiva huwaona inzi wadogo wa matunda wakizizunguka, naye huwafukuza kwa mkono. Aghalabu hatudhani kwamba kijidudu hicho kina moyo, sembuse kwamba moyo huo umewafunza matabibu habari za mioyo ya watoto wetu.

Moyo wa inzi huyo ni mrija tu upigao mgongoni mwake. Mwaka 1993 wataalamu walieleza kuwa kinasaba kimoja kikiharibika, moyo huo hauumbiki kabisa. Kinasaba cha aina hiyo binadamu naye anacho, na mwaka 1998 ilibainika kwamba hitilafu ndani yake, katika baadhi ya familia, husababisha watoto kuzaliwa na tundu moyoni. Wataalamu humtazama pia samaki pundamilia, wa jamaa moja na dagaa tunaowaanika ufukweni Musoma. Kiinitete chake hupenya nuru, na moyo wake huonekana kwa hadubini ukianza kupiga takriban siku moja baada ya yai kurutubishwa.

Mama wa Butiama anafaidika nini na hayo? Anafaidika sana. Mtoto azaliwapo na kasoro ya moyo, wapo jamaa wanaomhoji mama: alikula nini, alimkosea nani, karogwa na nani? Elimu yajibu kwamba kinasaba chenye hitilafu chaweza kutoka kwa baba sawa na kwa mama, au kuzuka upya kwa mtoto ilhali wazazi wote wawili hawanacho. Kasoro nyingine hutokana na maradhi wakati wa ujauzito, kama vile rubela au kisukari. Katika hayo yote, talaka yatibu nini?

Enyi akina baba, mtoto achokaye na kutokwa jasho anyonyapo, asiyeongezeka uzito, au ambaye midomo yake hugeuka bluu, apelekwe hospitali upesi. Kutoka Mara rufaa huweza kwenda Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ambako watoto wenye matundu ya moyo hutibiwa. Kuridhika na kadari si kuketi kitako. Fedha apewayo mpiga ramli ingetosha kuwa nauli ya mgonjwa.

Mama amekwisha kubeba mimba miezi tisa. Tusimbebeshe na lawama.