Filozofia ku iniversite: silabisi peke haitoshi
Mwaka wa 1945, pale Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kitabu cha padri Placide Tempels juu ya filozofia ya Wabantu kilitoka. Mawazo yenyewe aliyachota kwa Waluba wa Katanga. Valentin-Yves Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, naye alifundisha Lubumbashi. Lakini kitabu chake kikubwa, The Invention of Africa, kilitoka Marekani mwaka wa 1988, tena kwa Kiingereza.

Na leo? Mwanafunzi wetu ananunua silabisi ya profesa, anaikariri, anapita mtihani, basi. Kitabu chenyewe hajakishika. Sasa atabishana na Tempels namna gani? Waprofesa wapya ni muzuri, ndiyo. Ila serkali ikiwaongeza bila bibliotheke, itaongeza silabisi tu.