Umeitwa? Niambie Unajua Lugha Gani

Wasee, leo nitakosana na watu wa kanisa, na wengine ni marafiki zangu. Sawa tu.

Kila likizo ya Agosti simu yangu hujaa mabango ya michango. Kijana amesimama mikono juu, jua linatua nyuma yake, na chini ameandika: "Mungu ameniita Turkana. Nishike mkono." Halafu namba ya M-Pesa. Safari yenyewe ni ya wiki moja! Manze, hata kuku akiatamia hukaa siku 21.

Nina haki ya kusema kwa sababu namba hiyo ilishawahi kuwa yangu. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imekwisha, hamu nayo imekwisha, na nyumbani kila mgeni anauliza, "Siku hizi unafanya nini?" Kwenye kesha moja mhubiri akasema walioitwa kwenda misheni waje mbele. Nikaenda. Nililia kweli, sikuigiza. Lakini kuna kitu sijawahi kuposti: sehemu ya yale machozi ilikuwa ya nafuu. Hatimaye nilikuwa na jibu la kuwapa wageni. Aliyeacha chuo na aliyeitwa hawakaribishwi chai kwa sauti moja, hata kwa mathe wangu mwenyewe.

Tukachangisha, tukachapisha tisheti, tukapanda basi hadi Lodwar. Baada ya siku saba nilirudi na vidio kibao na neno moja la Kiturkana: ejok. Kazi yote ilifanywa na mkalimani wetu, kijana wa pale pale. Sisi tunasema sentensi mbili, yeye anaongea dakika tano, watu wanacheka, wanaitikia. Pengine alikuwa anahubiri mahubiri yake na yetu ameyaweka kando, na ingekuwa afadhali. Kwenye vidio nilimkata. Ndiyo, mimi. Niliona sauti yake inafunika yangu.

Siku ya kuondoka mama mmoja akauliza, kupitia kwa huyo kijana, tutarudi lini. Kiongozi wetu akajibu, "Bwana akipenda." Sote tuliokuwa tumesimama pale tulijua jibu ni lini.

Basi msimamo wangu ndio huu: kama huna mpango wa kujifunza lugha ya mtu, hujaitwa kwake. Unaenda kutembea. Kutembea si dhambi, ila nauli toa mfukoni mwako.

Najua mtaniletea Paulo, ati alikuwa anapita tu mji hadi mji. Someni Matendo vizuri. Korintho alikaa mwaka mmoja na miezi 6. Efeso anasema mwenyewe alikaa miaka 3. Na Kigiriki alikuwa anakijua. Wengine mtasema Pentekoste, lugha zilishuka zenyewe. Sawa, siku Kiturkana kikikushukia, nitafuta hii posti.

Tena msiende mbali, angalieni hapa Rabai. Sitaki kuwatukuza wazungu, wamisionari wa enzi hizo wana mengi ya kujibu. Lakini Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844, na mwaka huo huo akazika mke na binti mchanga. Hakufunga mizigo. Akaendelea kujifunza Kiswahili, na kamusi yake ikachapishwa 1882, yeye mwenyewe akiwa ameshakufa mwaka uliotangulia. Mwenzake, Johannes Rebmann, alikuja 1846 na akaondoka 1875 akiwa karibu kipofu. Karibu miaka 29, na waliobatizwa walikuwa wachache sana! Leo nani angemchangia? Angetuma picha gani kwenye grupu?

Na kuna hili linaloniuma zaidi. Lodwar tulikuta makanisa, tukakuta watu wanasali kwa lugha yao. Yule mkalimani alikuwa anatembea kwa miguu kwenda kufundisha wengine kabla hatujafika, na alirudi kutembea kwa miguu tulipoondoka. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza anahitaji nini. Tisheti tulimwachia, saizi isiyomtosha.

Nilimtafuta baadaye, nikamwomba msamaha kwa zile vidio. Alicheka, akaniambia hakuwa ameziona, hana bando la mambo hayo. Nikamwomba anifundishe Kiturkana. Sasa namtumia bando kila wiki, naye ananitumia sauti, nami narudia peke yangu chumbani kama mwendawazimu. Sijui kama huu ni wito, na safari hii sijaunda bango. Mathe bado anaulizwa na wageni, na bado hana la kuwajibu.

Juzi tulikuwa kwenye kuhesabu. Nimekosea mara nne, ameniambia nirudie kesho.