Mgonjwa Avue Viatu

Katika kliniki nyingi za kisukari, asubuhi huanza kwa utaratibu ambao wagonjwa wa siku nyingi wanaufahamu kuliko hata watumishi wapya. Kadi hupangwa mezani kwa kufuata nani aliyewahi, uzito hupimwa, presha hupimwa, tone la damu huchukuliwa kidoleni, kisha mgonjwa huketi kwenye benchi akingoja kuitwa. Akiingia kwa daktari huulizwa hali, namba zilizo kwenye kadi husomwa, dawa huandikwa na tarehe ya kurudi hutolewa. Mgonjwa huondoka akiamini kwamba amepimwa, na kwa kiasi kikubwa ni kweli. Ila viatu vyake havijatoka miguuni tangu alipofunga mlango wa nyumba yake.

Mgonjwa huyohuyo, baada ya miaka kadhaa ya kuhudhuria bila kukosa, huletwa siku moja akiwa ameshikiliwa na watoto wake. Kidole kimekuwa cheusi, wayo umevimba, usaha unatoka, na harufu imetangulia kuingia chumbani. Katika faili huandikwa neno ambalo limekuwa la kawaida mno katika wodi za upasuaji: amechelewa. Neno hilo ni jepesi kuliandika na ni zito kwa anayelibeba. Linastahili kuulizwa swali: ni nani hasa aliyechelewa?

Ni kweli kwamba wapo wagonjwa wanaokawia. Wapo wanaoanzia kwa mganga, wapo wanaopaka majivu au dawa ya meno juu ya kidonda, na wapo wanaofungua kapsuli za antibiotiki na kuunyunyiza unga wake, wakiridhika kwa kuwa kidonda kimekauka juu ilhali chini kinachimba. Lakini mtu aliyefika kliniki mara sita kwa mwaka hakukawia. Alifika mara sita, na mara sita hakuna aliyemwambia avue viatu. Katika hali kama hiyo kosa halianzii nyumbani kwa mgonjwa, na kuendelea kumlaumu yeye ni njia ya watumishi kujisafisha.

Ili kuelewa kwa nini macho ya mhudumu ni ya lazima, ni vizuri kukumbuka kile kisukari kinachokifanya. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa ya fahamu iliyo mirefu kuliko yote, ile inayofika kwenye vidole vya miguu, ndiyo huharibika kwanza. Baadhi ya wagonjwa husikia ganzi, au moto wakati wa usiku, au hisia ya kutembea juu ya pamba. Wengine hawasikii chochote, na hao ndio wa kuhofiwa zaidi, maana hawana la kulalamikia. Misuli midogo ya wayo hudhoofika, vidole hujikunja, na uzito wa mwili huhamia mahali ambapo hapakuumbwa kuubeba. Jasho hupungua, ngozi hukauka, kisigino hupasuka magaga. Sugu huota chini ya kidole gumba, na chini ya sugu hiyo damu huvia kimyakimya. Ikiwa mishipa ya damu nayo imekuwa myembamba, kidonda kidogo hakipati damu ya kukiponya. Inakadiriwa kwamba kati ya asilimia 19 na 34 ya watu wenye kisukari hupata kidonda cha mguu wakati fulani wa maisha yao, na sehemu kubwa ya miguu inayokatwa kwa sababu ya kisukari ilianza kwa kidonda cha namna hiyo.

Somo hili halikuanzia kwenye kisukari. Daktari wa upasuaji Paul Brand, aliyefika Vellore nchini India mwaka 1946, aliwakuta wagonjwa wa ukoma wakiaminiwa kuwa vidole vyao huliwa na ugonjwa wenyewe. Kwa kuwachunguza kwa makini alionyesha kwamba nyama yao ilikuwa nyama ya kawaida, na kwamba walichokipoteza ni maumivu. Walishika vyungu vya moto, walitembea juu ya misumari, na wengine walitafunwa vidole na panya usiku bila kuamka. Anayedhani kwamba hayo ni ya zamani na ya mbali akumbuke kwamba mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake walichapisha taarifa za wagonjwa wa kisukari wa Tanzania walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini. Mtu anayelala na kuamka akiwa amepoteza nyama ya kidole, na kugundua hivyo kwa kuona damu kwenye shuka, hawezi kutegemewa kuja kliniki kusema kwamba mguu unauma. Hauumi. Ndiyo maana lazima uangaliwe.

Kuangalia kwenyewe hakuhitaji mashine. Mgonjwa avue viatu na soksi za miguu yote miwili. Mhudumu atazame juu ya wayo, chini, kisigino, na kati ya kidole na kidole, mahali ambapo nyungunyungu hujificha na kuwafungulia bakteria mlango. Aweke kiganja juu ya kila wayo alinganishe joto. Apapase mapigo ya damu juu ya wayo na nyuma ya kifundo cha ndani. Kisha amwambie mgonjwa afumbe macho, na kwa ncha ya kidole chake aguse kwa wepesi ncha za kidole gumba, kidole cha kati na kidole cha mwisho cha kila mguu, kwa sekunde moja au mbili, bila kusukuma wala kugongagonga. Mgonjwa aseme anapoguswa, kulia au kushoto. Akishindwa kuhisi miguso 2 au zaidi kati ya 6, mguu huo umepoteza sehemu ya ulinzi wake. Kipimo hiki kilianzia Ipswich, Uingereza, na kilichapishwa mwaka 2011. Uzi maalumu wa nailoni wa gramu 10 bado ni kifaa kizuri pale unapopatikana, lakini kidole cha mhudumu hakiishi stoo.

Mgonjwa ambaye hisia na mapigo yake ni salama anaweza kuangaliwa tena baada ya mwaka. Aliyepoteza hisia anahitaji kuangaliwa walau kila baada ya miezi 6 hadi 12, na mapema zaidi iwapo mapigo ya damu ni hafifu au wayo umebadilika umbo. Yule ambaye amewahi kupata kidonda au kukatwa kidole anahitaji kuonwa kila mwezi hadi miezi 3. Na ipo hali moja ya kukumbukwa na kila anayeshika kalamu ya kuandika dawa: wayo uliovimba, wenye joto kuliko mwenzake, ambao hauna kidonda na wala haumsumbui sana mwenyewe. Mara nyingi huitwa gauti, au mtu huambiwa ameteguka. Kwa mtu aliyepoteza hisia, huenda mifupa ya wayo inavunjika huku akiendelea kuikanyaga. Huyo azuiwe kuukanyaga mguu huo na apelekwe hospitali siku hiyo.

Hoja inayotolewa dhidi ya haya yote ni muda. Foleni ni ndefu, daktari ni mmoja. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba mgonjwa hukaa kwenye benchi saa nzima au zaidi bila kufanyiwa lolote. Muuguzi anayepima presha anaweza kuiangalia miguu mkono wa presha ukiwa bado umefungwa. Kikwazo cha kweli, ambacho hakitajwi katika mikutano, ni haya. Mzee wa miaka 70 akiambiwa na binti wa umri wa mjukuu wake, "Babu, naomba uvue viatu nikuangalie nyayo," hujibu, "Hapana mwanangu, miguu yangu michafu." Na muuguzi, kwa heshima, huacha. Kuna pia mama aliyevaa soksi kwa stara na chumba hakina hata pazia. Haya ni mambo ya kupangwa: pazia, beseni la maji, taulo safi, kigoda cha muuguzi. Kuhusu heshima, kuchuchumaa mbele ya mzee na kumshika nyayo hakumshushii mzee hadhi yake. Katika desturi za huku ni kinyume chake.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania na India zilikuwa nchi za kwanza kuendesha mpango wa kuwafundisha daktari na muuguzi wa kituo kimoja, wawili kwa pamoja, huduma ya mguu wa kisukari. Mpango huo ulionyesha kwamba inawezekana katika mazingira haya haya yenye uhaba. Udhaifu wa mafunzo ya aina yoyote ni kwamba ujuzi uliokaa kwa mtu mmoja huhama naye anapohamishwa. Kinachobaki kituoni ni kile kilichoandikwa kwenye kadi na kulazimishwa na utaratibu.

Haifai, hata hivyo, mguu ufikiriwe kuwa jambo la kisukari tu. Mtoto anapozaliwa, mkunga aliyeihesabu vidole miguu yake ndiye mtu wa kwanza anayeweza kuutambua mguu kifundo, unaopatikana kwa takriban mtoto 1 kati ya 1,000. Kwa njia ya Ponseti, iliyotokana na kazi ya Ignacio Ponseti huko Iowa, Marekani, mguu hunyooshwa taratibu kwa plasta ngumu inayobadilishwa kila wiki, kisha mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, usiku kwa usiku hadi anapofikisha takriban miaka minne. Wazazi wengi hukata tamaa katika hatua hiyo ya viatu, kwa sababu mguu unaonekana umeshanyooka. Wasipotiwa moyo, mguu hurudi. Nyayo bapa za mtoto mdogo, kwa upande mwingine, huwatisha wazazi bure: upinde wa wayo hujijenga katika miaka kumi ya mwanzo, na mtoto asiye na maumivu hahitaji kiatu cha bei ghali. Kiatu cha shule kilichonunuliwa "cha kukulia" humuumiza kisigino muhula mzima, na kikishamtosha huachwa hadi kinambana kidole na ukucha kuanza kuota ndani ya nyama.

Funza bado wapo, hasa katika nyumba zenye sakafu ya udongo ambamo mbuzi na mbwa hulala karibu na watu. Kuwachokoa kwa pini moja inayozungushwa kwa watoto wa nyumba nzima ni hatari: pepopunda, homa ya ini na virusi vya UKIMWI vyote vinaweza kupitia hapo. Mafuta mepesi ya dimetikoni, yaliyojaribiwa Kenya na Uganda, huwaua funza bila kuchokoa. Lakini mtoto akirudi kulala kwenye vumbi lilelile, watarudi.

Kwa watu wazima malalamiko ya kawaida ni maumivu ya kisigino, makali kabisa katika hatua za kwanza za asubuhi. Walinzi, walimu, wahudumu wa hoteli na mama ntilie wanayafahamu. Wengi huelekezwa kupiga picha, huonyeshwa kijifupa kilichochomoza, na kuogopa kwamba watapasuliwa. Aghalabu kijifupa hicho si tatizo. Msuli wa kigimbi unyooshwe kila siku, wayo uviringishwe juu ya chupa, kiatu kiwe na soli yenye unene, na subira iwepo, kwani nafuu huja kwa miezi na si kwa siku.

Kwa mwenye kisukari, nyumbani ndiko ulinzi ulipo katika siku zote ambazo si za kliniki. Mwislamu atawadhaye mara tano kwa siku ana nafasi tano za kuiona miguu yake, mradi baada ya maji akaushe kati ya vidole. Maji ya moto yapimwe kwa kiwiko, kwa kuwa wayo utadanganya. Mafuta yapakwe juu na chini, yasipakwe katikati ya vidole. Kiatu kikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Kucha zikatwe kwa kunyoosha, na sugu isiguswe kwa wembe na yeyote nyumbani. Miguu isiote moto kwenye jiko la mkaa, hata Makete au Limuru wakati wa kipupwe. Chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro, si kwa ajili ya mbu tu. Asiyeweza kuinama amwombe mwenzake au mjukuu amtazamie nyayo, au aweke kioo sakafuni. Akiona kidonda, hata kisichouma, asingoje tarehe ya kliniki, na aliyempokea asimpe antibiotiki pekee na kumruhusu aendelee kukikanyaga. Kidonda cha chini ya wayo hakiponi kikiwa kinabeba kilo 80 kila hatua.

Na kwenye kadi, chini ya mstari wa presha, uongezwe mstari mmoja: miguu imeangaliwa, ndiyo au hapana, pamoja na sahihi ya aliyeiangalia. Mgonjwa anayeuona mstari huo uko mtupu ana haki ya kuuliza kabla hajainuka kitini.