Utafiti juu ya burudani zetu huishia wapi?

Kila zama zina mshtakiwa wake. Jana ilikuwa mikanda ya video, leo ni TikTok pamoja na tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Ukikaa barazani baada ya Isha utasikia hukumu imeshapita: wasichana wetu wanaharibika, na ndoa zinavunjika kwa sababu mke anataka mumewe awe kama yule wa kwenye runinga. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Lakini ni nani miongoni mwa tunaohukumu aliyewahi kukaa na hao wasichana akawauliza wanaona nini ndani ya hizo tamthilia?

Aliyeuliza alikuwa mgeni. Mwanaanthropolojia Minou Fuglesang aliishi na wanawake wa Lamu zama za video, akakaa nao majumbani walipokuwa wakitazama filamu za Kihindi, akasikiliza walivyozungumza. Kitabu chake, Veils and Videos, kilitoka Stockholm mwaka 1994. Wasichana aliowaandika hawakuwa wakimeza kila walichokiona. Filamu ziliwapa njia ya kuzungumza wenyewe kwa wenyewe mambo ambayo ni vigumu kuyasema mbele ya wakubwa: mapenzi, kuchagua mume, mavazi, heshima. Wasichana wale leo ni mama na nyanya, na baadhi yao bila shaka wamo miongoni mwa wanaolaumu tamthilia za Kituruki.

Laura Fair, mwanahistoria Mmarekani, alifanya jambo kama hilo Zanzibar na Bara. Aliwatafuta wazee waliokuwa vijana miaka ya 1950, akawauliza kuhusu Awaara, ile filamu ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, na mjadala ulioletwa nayo kati ya kuoa kwa mapenzi na kuozwa na wazazi. Hata babu zetu, kumbe, walikuwa na tamthilia yao.

Na kuna Juma Bhalo, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyefariki mwaka 2014. Sisi tuliokulia Mombasa hatuhitaji kuelezwa ni nani. Alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayavisha mashairi ya Kiswahili, mengi yakiwa ya binamu yake Ahmad Nassir, mwenye Malenga wa Mvita. Wako waliosema ni kuiga tu. Mtafiti Andrew Eisenberg hakutosheka na jibu hilo. Katika kitabu alichokitoa mwaka 2024, Sounds of Other Shores, anauliza Waswahili wa Mombasa walikuwa wakisema nini juu ya nafsi zao walipoipenda sauti ya Kihindi yenye maneno ya Kimvita. Swali hilo ni zito, kwani linagusa jambo tunalogombania kila uchaguzi ukikaribia: ni nani mwenyeji na ni nani mgeni katika pwani hii.

Si wageni peke yao. Profesa Mohamed Abdulaziz alituandikia juu ya Muyaka mwaka 1979, na Mwenda Ntarangwi, Mkenya, alichapisha mwaka 2003 kitabu juu ya taarabu ya Mombasa. Lakini vitabu vyote hivi vimeandikwa kwa Kiingereza, na vingi vimechapishwa ng'ambo. Mimi nina diploma yangu na bado kuna kurasa nilizosoma mara tatu kabla ya kuelewa. Bibi wa Langoni aliyemfungulia mtafiti mlango na kumpikia chai atazisoma vipi?

Najua kuna watakaosema muziki na filamu ni upuuzi, hazistahili kutafitiwa. Nawaheshimu, na baadhi yao ni walimu wangu. Lakini hata sheikh anayetaka kuwaonya vijana anahitaji kujua wanachokitazama na kwa nini kinawavuta. Akisema kwa kukisia watamcheka, kisha watarudi kwenye simu zao.

Njia ya kurekebisha hili ipo kwenye karatasi tayari. Mtafiti hapa Kenya huhitaji kibali cha NACOSTI, na masharti ya kibali humtaka aarifu ofisi ya gavana kabla ya kuanza kazi, kisha awasilishe nakala ya ripoti akimaliza. Kwa hiyo kaunti hujua nani ameingia. Ripoti nayo huenda Nairobi. Ni kitu gani kinachoizuia kaunti kumwomba mtafiti kurasa mbili tu za Kiswahili, zisomwe redioni na ziwekwe maktabani?

Maktaba yenyewe si ya kuisubiri serikali kuu. Soma Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, sehemu ya pili: sinema, maonyesho ya video, maktaba na makumbusho vimetajwa katika kifungu kimoja, na vyote ni kazi ya kaunti. Wakati wa kutoza ada za leseni kifungu hicho hukumbukwa vizuri sana.

Hata zile kaseti za taarabu zilizorekodiwa harusini zinaozea makabatini, wenye kuzijua wakizidi kupungua. Chuo Kikuu cha Pwani kina wanafunzi wanaotoka katika nyumba hizo hizo. Wangeanza na kabati la nyanya, kisha wakakaa na dada zao mbele ya runinga na kuandika wanachosikia, kwa Kiswahili.

Vikao vya maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti viko wazi kwa kila mtu. Tukimaliza kuuliza habari za maji na taka, tuulize pia maktaba imetengewa shilingi ngapi, na ripoti za waliotutafiti ziko wapi.