Kung'aa Si Kuwa Mweupe

Mkazi wa Tanga anayetoka dukani Ngamiani na chupa ya seramu ya vitamini C hastahili kuchekwa. Mara nyingi hatafuti kubadili rangi yake, bali kufifisha madoa yaliyoachwa na chunusi. Tatizo huanza pale neno "kung'aa" linapotumika kuuzia vitu viwili vilivyo mbali kama mbingu na ardhi.

Vitamini C ya kupaka, yaani asidi ya askobiki, hupunguza utengenezaji wa melanini, rangi asilia ya ngozi. Kazi yake ni ya polepole: huhitaji wiki nyingi, na haimgeuzi mweusi kuwa mweupe. Mkorogo huharakisha, kwa kuwa mara nyingi hubeba zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali, viambata vilivyopigwa marufuku katika vipodozi nchini. Zebaki hudhuru figo; steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba. Kwa hiyo, seramu iletayo weupe ndani ya siku chache haistahili sifa, inastahili shaka. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hata seramu ya kweli ina maadui katika pwani hii: joto, mwanga na hewa. Ikigeuka rangi ya hudhurungi, nguvu yake imepungua sana. Yafaa ichaguliwe chupa isiyopitisha mwanga, ifungwe vyema na kuwekwa penye ubaridi. Machungwa ya Muheza nayo ni ya kula, si ya kupaka. Maji ya ndimu yakipakwa usoni kisha yakapigwa na jua, huweza kuunguza ngozi na kuacha doa baya kuliko la awali. Na anayepaka seramu bila kujikinga na jua, kwa losheni, kofia au mwavuli, anatwanga maji kinuni, kwani jua hurudisha madoa yale yale.

Wajibu wa mhudumu wa afya, basi, si kukemea. Mgonjwa aliyeaibishwa huficha kopo lake, na daktari hutibu asichokijua. Swali moja la upole, "Unapaka nini usoni?", pamoja na ombi la kuileta chupa zahanati, huweza kuokoa figo kabla ya kuokoa sura. Mgonjwa naye ajibu bila haya: ngozi yenye afya hung'aa kwa rangi yake yenyewe.